Loisi Mla Nyumba na Msumari wa Reli

Nyumbani kwetu Gulwe kulikuwa na tundu ukutani. Tundu lile halikuchimbwa na panya. Halikutobolewa na mvua. Liliachwa na meno ya mdogo wangu, Loisi. Alikuwa na miaka mitano, na alikuwa anaila nyumba yetu.

Usicheke bado. Mimi nilicheka mapema, na kicheko changu nusura kituletee msiba.

Nyumba yenyewe ilikuwa tembe. Kuta za udongo, paa la udongo, mlango mfupi wa kumfanya kila mgeni ainamishe kichwa, hata kama hakukusudia kutuheshimu. Mvua ya kwanza ikinyesha, kuta zilitoa harufu nzuri. Mpaka leo nikisikia harufu ile, namwona Mama anakung'uta ungo, namwona Babu anaota jua, nasikia reli ikilia kwa mbali.

Reli ilipita karibu sana. Ukisimama mlangoni ukarusha jiwe, unaipata. Najua kwa sababu nilirusha, na Baba akanichapa.

Baba yetu aliitwa Yotham. Alikuwa kibarua wa genge la reli, wale waliokaza misumari na kunyoosha njia. Mama, jina lake Hana, alifuga kuku. Alichemsha mayai na kuwauzia abiria dirishani. Babu Matonya, baba yake Baba, alikuwa amekwisha kufanya kazi zote za dunia. Iliyobaki ilikuwa kukaa kwenye kigoda na kumwita Loisi "mchumba wangu".

Mimi ni Elieza. Nilikuwa kifungua mimba, na wakati huo nilikuwa nasoma sekondari. Mwaka ulikuwa 1954. Mwingereza ndiye aliyetutawala. Mtu aliyesoma sekondari siku hizo alitembea kana kwamba ardhi ni yake. Nilikuwa na Kiswahili kilichonyooka, Kiingereza cha kuombea maji, na mdomo wa watu watatu.

Na Loisi? Loisi alikuwa mkimbiaji. Garimoshi likiingia stesheni, yeye alianza nalo kwenye tangi la maji. Alikimbia kando ya mabehewa mpaka kwenye ghala. Abiria walimpigia makofi. Dereva alimpigia honi. Likimshinda, Loisi alisema, "Limepata bahati. Kesho!"

Desemba ile nilirudi likizo. Garimoshi lilipoingia Gulwe nilitoa kichwa dirishani kumtafuta. Hakuwa kwenye tangi. Alikuwa amekaa juu ya debe, karibu na Mama na mayai yake.

"Loisi! Mbona hukimbii?"

"Nimechoka, kaka."

"Umechoka kwa kazi gani?"

"Kukaa."

Nikacheka. Nilimpa peremende nikambeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Jioni mvua ilinyesha. Asubuhi nikamwona amesimama ukutani, uso karibu na udongo. Alivunja kipande kwa kidole akakitia mdomoni. Alikitafuna taratibu, macho amefumba, kama mtu anayekula karanga.

"Mama! Mtoto anakula nyumba!"

"Ameanza tangu mavuno," Mama alisema. Uso wake ulikuwa umechoka. "Nimemchapa. Nimepaka pilipili ukutani. Baba yako ameziba tundu mara tatu. Anakula hata kiraka."

Babu alitikisa kichwa. "Mchumba wangu ana njaa ya nyumba. Atanilaza nje."

"Basi jina lake limepatikana," nikasema. "Mla Nyumba!"

Tulicheka wote. Loisi naye alicheka, lakini kicheko kilimkatikia katikati. Akashika kifua, akakaa chini. Mimi niliona. Nikadhani anaigiza.

Siku ya tatu alimfuata Mama mtoni kuchota maji. Walikuwa hawajafika nusu ya njia Loisi akaanguka. Mama alirudi mbio amemkumbatia, ndoo ameiacha huko huko.

Baba hakusema mengi. Hakuwa msemaji. "Kesho aende zahanati na mama yake na Babu. Elieza, utawasindikiza. Wewe unajua Kiswahili."

Neno hilo lilinipendeza. Mama na Babu walisema Kigogo. Kiswahili chao kilikuwa cha kuuzia mayai na kuitikia salamu. Mganga wa zahanati, Bwana Seth, alikuwa Mpare kutoka mbali. Kigogo alijua salamu ya "mbukwa" na "lala chini", basi. Kwa hiyo nilikuwa mkalimani. Nilivaa kaptula yangu ya shule. Nilichana nywele mara mbili, kana kwamba mgonjwa ni mimi.

Bwana Seth alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja. Alifungua kiganja cha Loisi. Akakiweka kando ya kiganja cha Mama.

"Tazameni," alisema.

Tukatazama. Ndani ya kiganja cha Mama kulikuwa na wekundu. Kiganja cha Loisi kilikuwa cheupe kama unga wa muhogo. Bwana Seth akashusha kope la chini la mtoto. Ndani nako kulikuwa kweupe. Akamwambia atoe ulimi. Ulimi nao ulikuwa umepauka.

"Mtoto huyu hana damu," akasema. "Imepungua sana. Ana safura."

Nikatafsiri. Babu akaruka kwenye benchi.

"Nani kaichukua? Ni mumiani! Nilisema mimi, wale watu wa taa wanaopita relini usiku!"

"Anasemaje mzee?" Bwana Seth aliuliza.

"Anauliza habari za familia yako," nikajibu. Bwana Seth alinitazama juu ya miwani. Hakuwa mjinga.

Akampa Loisi dawa ya kuua minyoo, akamsimamia mpaka akaimeza. Kisha akachukua chupa ya maji meusi.

"Mwambie mama hivi. Damu inahitaji chuma. Mtoto huyu amepungukiwa na chuma. Dawa hii ina chuma ndani yake. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, baada ya chakula."

Kijiko nilikitafsiri vizuri. Asubuhi na jioni nikatafsiri vizuri. Tatizo likawa chuma. Kwa Kigogo nilijua jembe, nilijua mkuki. Chuma kilicho ndani ya damu ningekitoa wapi? Badala ya kumwuliza mganga, nilinyoosha kidole dirishani. Reli ilikuwa inang'aa juani.

"Kile pale," nikasema. "Mtoto anahitaji kile."

Babu aliitazama reli kwa muda mrefu.

Bwana Seth aliendelea. "Choo chake kitakuwa cheusi. Ni dawa tu, wasiogope. Na chupa iwekwe juu, watoto wengine wasiifikie. Mtoto akiinywa nyingi itamwua."

Hapo Babu alinivuta shati. "Kasema nini?"

Nami nikaona nafasi ya kuchekesha. "Kasema Mwingereza katulazia dawa kutoka Dar es Salaam mpaka Kigoma, sisi tunaikanyaga tu!"

Mama alicheka mpaka akajifuta macho. Hata Loisi alitabasamu. Habari ya kuiweka chupa juu niliitafsiri baada ya kicheko. Habari ya choo cheusi sikuitafsiri. Nilikuwa nimeisahau. Kicheko kiliimeza.

Kesho yake nilipanda garimoshi kwenda Dodoma. Shangazi Dorkasi alikuwa akikaa Ipagala, na kwa shangazi kulikuwa na maziwa mengi na binti wa jirani. Nilikaa siku kumi. Sikufikiria kiganja cha Loisi hata mara moja. Nakuambia kweli hii kwa aibu.

Niliporudi, sikumkuta Loisi hata juu ya debe. Mama naye hakuwapo stesheni. Nikaenda nyumbani haraka.

Loisi alikuwa amelala kwenye ngozi karibu na mlango. Miguu ilikuwa imevimba. Midomo ilikuwa na rangi ya majivu. Alipumua kama mtu aliyetoka mbioni, naye hakuwa ametoka popote. Nikaona mshipa wa shingo ukipiga, haraka haraka.

"Kaka," alisema. "Garimoshi limeshinda."

Nikageuka. Babu alikuwa mekoni. Alikuwa anakoroga chungu kwa makini sana.

"Mbukwa, Babu. Unapika nini?"

"Dawa yako," Babu alisema kwa fahari. "Nachemsha asubuhi, mchana na jioni. Anakunywa yote, mchumba wangu. Hakatai."

Nikachungulia. Maji yalikuwa ya rangi ya kutu. Chini ya chungu kulikuwa na msumari wa reli, mnene kama kidole gumba cha Baba.

Nikauondoa mwiko mkononi mwa Babu.

"Na dawa ya chupa iko wapi?"

Mama alijibu akiwa ametazama chini. "Tuliimwaga. Siku ya pili alitoa choo cheusi kama mkaa. Tukajua inamwunguza tumbo. Babu akasema kuna chuma kingine, kisichounguza. Kile ulichotuonyesha."

Baba aliingia wakati huo huo akitoka gengeni. Aliuona msumari kabla hajatuona sisi.

"Nani kaleta mali ya reli humu?" Sauti yake ilikuwa ndogo, na Baba akisema kwa sauti ndogo tuliogopa. Kibarua aliyekutwa na msumari wa reli nyumbani alifukuzwa siku hiyo hiyo.

"Nimeuokota kando ya njia," Babu alisema. "Elieza alitwambia. Mganga kasema mtoto anataka chuma cha reli."

Baba alinitazama. Nilikuwa na maneno mengi kila siku ya maisha yangu. Siku ile nilitumia machache.

"Mganga hakusema hivyo," nikasema. "Ni mimi. Nilitania. Na habari ya choo cheusi alisema, nami sikuwaambia."

Hakuna aliyenichapa. Ingekuwa nafuu wangenichapa. Mama alimfunika Loisi kanga. Babu, ambaye alikuwa na miaka mingi hajabeba hata kuni, aliinama akasema, "Nipandisheni mchumba wangu mgongoni." Tukaondoka. Sikuthubutu kumwomba anipokeze.

Bwana Seth alisikiliza moyo wa Loisi kwa muda mrefu.

"Dawa yangu imeisha?"

"Imemwagwa," nikasema. Nikamweleza yote, mpaka msumari. Nilidhani atacheka. Hakucheka.

"Kutu ya msumari si dawa," alisema. "Na maji machafu yanaweza kumletea ugonjwa mwingine. Sasa kijana, kaa hapa. Leo utatafsiri kila neno. Hata 'na'. Kisha mzee atarudia kwa Kigogo, nawe utaniambia kwa Kiswahili alichosema. Kisipolingana, tunaanza upya."

Tukaanza.

"Mzee aliniuliza nani amechukua damu. Siku ile ulinificha, lakini neno 'mumiani' nalijua." Aliinuka akaleta kichupa. Ndani yake mlikuwa na vijidudu vyembamba, vifupi kama vipande vya uzi. "Mumiani wenyewe ndio hawa. Ni minyoo ya safura. Wanauma utumbo na kunywa damu. Mmoja hanywi nyingi. Lakini wako mamia, na wanakunywa mchana na usiku."

Babu aliinama mpaka pua ikakaribia kichupa. "Huyu? Mdogo hivi? Anaingilia mdomoni?"

"Anaingilia mguuni. Mnakwenda wapi haja kubwa?"

Nilitafsiri. Mama aliona haya. "Vichakani, karibu na mto."

"Na Loisi anapita huko pekupeku?"

"Ndiyo. Kila siku tukienda kuchota maji."

"Basi ndiyo njia. Mtu mwenye minyoo akijisaidia vichakani, mayai ya minyoo yanabaki kwenye udongo wenye unyevu. Yanaanguliwa. Vijidudu vinangoja. Mtoto akikanyaga, vinapenya ngozi ya mguu na kusafiri mpaka tumboni. Nimewaua wengi siku ile. Lakini mkiendelea vichakani, watarudi."

Babu alirudia. Nikarudisha. Kikalingana.

"Na huu ulaji wa nyumba?" Mama aliuliza. "Nimemchapa sana."

Bwana Seth alimtazama kwa upole. "Usimchape tena, mama. Hakuwa mkorofi. Aliyepungukiwa damu mara nyingi hutamani vitu visivyo chakula. Udongo, mkaa, mchele mbichi. Mtoto wako alikuwa anakuambia anaumwa. Ila udongo haumpi damu. Tena unaweza kumpa minyoo wa aina nyingine."

Mama alianza kulia. Nilitafsiri maneno yale huku nikimkumbuka Loisi akishika kifua, nami nikimwita Mla Nyumba.

"Anakula nini nyumbani?"

"Ugali na mlenda."

"Mlenda ni mzuri. Usiuache. Uongezee wenzake. Mpe kunde, karanga, mchicha. Mpe ubuyu au limau pamoja na chakula, husaidia mwili kuchukua chuma kilichomo. Chai mnampa?"

"Kali sana," Mama alisema kwa fahari. "Apate nguvu."

"Muachishe chai. Ikienda pamoja na chakula inazuia chuma. Mpe maziwa wakati mwingine, si wakati wa mlo huu. Na mayai?"

Mama aliinamisha kichwa. "Ya abiria."

"Abiria wana mama zao. Yai moja kila siku ni la Loisi. Je, mkichinja, ini?"

Tukamtazama Babu sote. Babu akatazama darini.

Nyumbani kwetu ini lilikuwa la Babu. Kila mbuzi aliyechinjwa, ini lilikwenda kwake juu ya sahani ya bati, naye alilila peke yake taratibu. Sisi watoto tulinusa tu. Hatukuuliza.

"Mwambie mzee," Bwana Seth alisema, "chuma cha chakula kinachoingia mwilini kwa urahisi kimo ndani ya nyama nyekundu, na ndani ya ini ni kingi zaidi. Kipande kidogo, mara moja kwa wiki, kikipatikana. Simwambii zaidi ya hapo."

Nilitafsiri kila neno. Babu hakurudia.

Bwana Seth akatupa chupa mpya. "Choo kitakuwa cheusi. Tafsiri!"

"Choo kitakuwa cheusi!" nikapaza sauti. Watu waliokuwa wakingoja nje walicheka.

"Homa ikimshika mleteni siku hiyo hiyo, maana malaria nayo inakula damu. Zingatieni hili. Nampa siku saba. Kama hajataka chakula, na pumzi haijatulia, atapanda garimoshi mpaka hospitali kubwa, akawekewe damu ya mtu mwingine. Na huko sijui kama tutakuwa tumechelewa."

Hilo nalo nilitafsiri. Lilikuwa gumu kuliko yote.

Siku ya kwanza Loisi alikunywa dawa akatema nusu. Siku ya pili tulikuwa tumekaa nje Mama akatoka nyuma ya nyumba akipiga vigelegele.

"Cheusi! Choo cheusi!"

Jirani yetu Mama Sila alisimama na mtungi kichwani. Hakuwahi kumwona mtu akishangilia jambo kama lile. Mama akamweleza, na maneno yote aliyapanga sawasawa kuliko mimi.

Siku zile mimi nilikuwa nachimba choo. Baba alichora duara mbali na njia ya maji, akanipa sururu, akaenda kazini. Kwanza alirudisha msumari kwa mnyapara na kueleza ulikotoka. Mnyapara alicheka siku nzima, na Baba akabaki na kazi yake. Lakini kicheko kile kilisafiri. Kesho yake genge zima lilipita relini likiniimbia, "Msumari! Msumari!"

Ardhi ya kwetu ni ngumu. Babu aliweka kigoda chake ukingoni.

"Chimba, Msumari. Msomi hachoki."

"Babu, mikono ina malengelenge."

"Wakuchemshie chuma wakupe."

Nyuma yangu nikasikia sauti ndogo. Loisi alikuwa amelala kwenye mkeka kivulini. Alikuwa anacheka. Hakushika kifua. Nikachimba mpaka kichwa kikazama shimoni, maana sikutaka waone macho yangu.

Tuliweka magogo na kifuniko juu. Tukajenga ukuta. Tukatundika kibuyu cha maji cha kunawia, na majivu pembeni. Bhagwanji mwenye duka alimpa Baba tairi kuukuu la lori. Baba akakata katambuga, jozi moja kwa kila mtu. Za Loisi zilikuwa ndogo mno. Alilala nazo.

Siku ya nne alikula yai lote. Siku ya tano hakula, akageukia ukutani, na usiku ule hakuna aliyelala vizuri. Siku ya sita Mama alimpa uji wa uwele wenye ubuyu. Alikunywa kidogo. Akalamba kijiko. Akalala.

Asubuhi ya saba niliamshwa na bakuli likigongwa sakafuni.

"Mama," Loisi alisema. "Niongeze."

Mama aliongeza. Loisi akamaliza.

"Niongeze."

Babu alikuwa ameketi kitandani. "Mpe na wangu," alisema. Uji wake aliusukuma wote.

Tulipofika zahanati Bwana Seth alisikiliza moyo, akasikiliza tena. Akavua miwani. "Hospitali isubiri," alisema. Sikutafsiri. Mama na Babu waliusoma uso wake wenyewe. "Lakini dawa iendelee miezi mitatu. Msiache kwa sababu anacheka."

Siku moja kabla sijarudi shuleni Baba alichinja mbuzi. Mama alichoma ini, akaliweka kwenye sahani ya bati, akampelekea Babu kama siku zote.

Babu alilinusa ini. Alilitazama mbele, akaligeuza akalitazama nyuma. Kisha akakohoa.

"Mchumba wangu, njoo."

Loisi akaenda na katambuga zake, pwata pwata.

"Kaa. Kula hili. Ni chuma, lakini laini kuliko cha kaka yako."

Loisi alikula. Babu alimwangalia kila tonge linavyoshuka, mpaka nami nikameza mate kwa niaba yake. Mwisho Loisi alibakiza kipande kidogo akakisogeza kwa Babu. Babu akakisukuma. Loisi akakirudisha. Wakakikata katikati.

"Maisha yangu yote nilikula peke yangu," Babu alisema. "Sikujua kuwa ni tamu zaidi likiwa kidogo."

Tangu siku ile nyumbani kwetu ini ni la watoto kwanza.

Nilirudi likizo mwezi wa Juni. Kabla ya Gulwe nilitoa kichwa dirishani. Tangi la maji likatokea. Nikaona kitu kidogo kimechuchumaa chini yake, kama mtu anayengoja kuitwa. Garimoshi lilipofika, kikaruka.

Loisi alikimbia. Katambuga zilipiga ardhi. Abiria wakapiga makofi bila kujua wanampigia nani. Dereva akapiga honi. Mimi nilipiga kelele mpaka mzee niliyekaa naye akaniuliza kama nina akili.

Loisi alilishinda behewa langu, maana lilikuwa linasimama. Alisimama ghalani akihema, viganja ameviinua juu. Vilikuwa vyekundu.

"Limepata bahati mbaya!" alipaza sauti. "Shikamoo, kaka Msumari!"

Stesheni nzima ilicheka. Jina hilo sijalikimbia mpaka leo. Nikishuka Gulwe, hakuna anayejua Elieza ni nani.

Siku hizi bendera imebadilika. Babu tumemzika. Tembe letu la zamani limeanguka, na Baba amejenga nyingine mbele yake. Loisi yuko shuleni, na katika mbio za shule wasichana wenzake huuliza kwanza kama yeye yumo. Lakini kwa miaka yote tembe lilipokuwa limesimama, Babu alikataa tundu lile lizibwe. Ndani yake aliweka chupa ya dawa, tupu, imeoshwa. Jirani akija na mtoto mnyonge, Babu alimwonyesha tundu na chupa. Kisha alishika kiganja cha mtoto na cha mama yake, akaviweka pamoja.

Fanya hivyo nawe. Sasa hivi, kabla hujaweka kitabu hiki chini. Shika kiganja cha mwanao, kiweke kando ya chako. Kama chako kina wekundu na chake kimepauka, au ukimkuta anaonja ukuta, usimchape, wala usimpe jina la utani. Mpeleke zahanati. Na mganga akisema neno usilolielewa, muulize mpaka ulielewe.

Reli iache palepale. Ni ya garimoshi.